Mtoto Hang'ai na Yosefu Kamezwa na Giza: Utatuzi wa Matatizo ya Mwanga na Kivuli Kwenye Picha ya Noeli ya Rangi za Mafuta

Kuanzia Septemba hivi simu huanza kuingia. Parokia imeagiza picha ya Kuzaliwa kwa Bwana, mchoraji ameshakula advansi, Noeli inakaribia na picha imegoma. Akinitumia kwenye simu naona kilekile cha mwaka jana na mwaka juzi: mikono imechorwa vizuri, punda ni punda kweli, nguo zina mikunjo ya kupendeza, ila usiku wenyewe haupo. Au upo usiku mtupu, na waliokuwa ndani yake wamepotea.

Kinachoiponza picha hii ni wingi wa taa. Kuna Mtoto, kuna nyota, kuna malaika, kandili ya Yosefu, moto wa wachungaji, na mbalamwezi ambayo mchoraji kaiongeza kwa sababu pembe ya juu ilikuwa tupu. Kila kimoja kinadai mwanga wake na kivuli chake. Kwa hiyo kabla ya dalili yoyote iliyo hapa chini, jiulize: taa ya picha hii ni ipi? Jibu likihitaji sentensi mbili, anzia hapo, hata kama kinachokuuma ni kitu kingine.

Vipimo vya kwanza ni bure. Rudi nyuma hatua tano, fumba macho nusu. Vitu vidogo vitayeyuka, yatabaki makundi ya mwanga na giza. Kisha piga picha kwa simu na uondoe rangi, ibaki nyeusi na nyeupe. Halafu igeuze turubai juu chini, au uitazame kwenye kioo. Ninaposema "ngazi" humu, namaanisha kipimo cha mwanga kutoka 1, giza totoro, hadi 10, nyeupe jinsi inavyotoka kwenye tyubu. Chora mistatili kumi ya ngazi hizo kwenye kipande cha kadibodi na uitundike karibu na stendi. Itakuokolea siku nyingi.

"Nimemaliza tyubu nzima ya nyeupe, Mtoto bado hang'ai"

Hili ndilo linaloongoza, na dawa yake karibu kila mara haiko kwa Mtoto. Nyeupe ya tyubu haiwezi kuzidi weupe wa karatasi. Ngazi ya 10 ndiyo mwisho wa safari. Jicho huona mng'ao kwa kulinganisha na majirani, na majirani wakiwa na ngazi ya 8, hata umpake Mtoto mara ishirini ataonekana kama amemwagiwa unga.

Sababu ya kwanza ni weupe unaoshindana naye. Shela ya Maria, mbawa za malaika, kondoo, majani makavu ya hori, nyota: vyote vimepakwa kwa nyeupe ileile. Tazama picha ya simu isiyo na rangi, hesabu madoa yaliyo meupe kuliko yote. Yakizidi moja, umempata mgonjwa. Tiba ni kushusha, wala si kuongeza. Shela ipe glezi, yaani rangi iliyolainishwa kwa mafuta mpaka inapitisha kilicho chini: amba (kahawia ya udongo) kidogo na ultramarini (buluu iliyokolea) kidogo, pakaa, kisha pangusa kwa kitambaa mpaka ibaki ngazi ya 6. Kondoo wa usiku si mweupe. Ana rangi ya uji wa mtama, na aliyekaa mbali na hori ana rangi ya udongo.

Ya pili ni nyeupe isiyo na joto. Nyeupe ya titani ni baridi, inaelekea buluu. Ukiipaka peke yake kwenye uso wa Mtoto unapata chaki. Tazama mwali wa mshumaa unavyofifia: katikati ni mweupe wa manjano, unaofuata ni chungwa, kisha wekundu wa udongo, kisha kahawia, halafu giza. Mpangilio huohuo ufuate kuanzia kifua cha Mtoto kwenda nje: nyeupe yenye manjano kidogo, oka (manjano ya udongo), siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), amba. Nyeupe safi iache mahali padogo kama punje ya mchele, pengine kwenye paji la uso au ukingo wa nepi. Ukiitawanya, imekufa.

Ya tatu ni kingo kali. Mtoto anaonekana amekatwa kwa mkasi na kubandikwa. Rangi ikiwa bado mbichi, chukua brashi laini iliyo kavu, isiyo na rangi kabisa, ivute polepole kutoka kwenye mwanga kwenda gizani. Futa brashi kila baada ya mvuto mmoja, vinginevyo unahamisha uchafu.

Ya mwisho ni taji la utukufu lililochorwa kama sahani. Duara lenye mstari mkali linaufungia mwanga ndani. Na hapa kuna ugonjwa wa pili uliojificha: wengi wanapaka "dhahabu" ya kopo kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Nyingi ni unga wa shaba nyeupe, na kwenye unyevu wa Pwani haikawii kuwa kahawia au kijani. Kama lazima paroko aone dhahabu, tumia jani la dhahabu la kweli kwa mstari mwembamba, au uipate dhahabu kwa oka, manjano na amba, kama walivyofanya wengi kabla yetu.

Kwa anayetaka mfano, mchoraji Correggio aliagizwa picha yake ya usiku mwaka 1522 kwa ajili ya kanisa la Reggio Emilia nchini Italia. Leo iko Dresden, Ujerumani. Mtoto ndiye taa. Lakini mwangalie mwanamke aliyesimama kando ya hori: ameinua mkono kukinga uso kwa sababu mwanga unamuumiza. Mzibe mwanamke huyo kwa kidole kwenye nakala yoyote, uone Mtoto anavyopungua. Wazo lenyewe la Mtoto kuwa taa lilienea kutokana na maono ya Mtakatifu Brigita wa Uswidi, aliyefika Bethlehemu mwaka 1372 na kusimulia jinsi mshumaa wa Yosefu ulivyozidiwa na mwanga wa Mtoto. Kwa hiyo ukimchora Yosefu na mshumaa, mshumaa huo unatakiwa uonekane hafifu. Wengi wanaukoleza.

Simama hapa: kama nyeupe imerundikana mpaka imevimba kama ugali, usiendelee kupaka. Ikiwa mbichi, ikwangue kwa kisu cha kuchanganyia. Ikiwa imekauka, piga msasa laini uliolowekwa. Lakini kama tyubu au kopo ni la zamani na linasema ni nyeupe ya risasi, usipige msasa kabisa. Vumbi lake ni sumu. Hiyo mwachie mtaalamu, au anza turubai nyingine.

"Nyuso zinatisha" (au: Mama Maria ana ndevu)

Ndevu hizo zilikuwa zangu. Kigango kimoja kiliniagiza picha ya mita moja na nusu. Nikaiweka ukumbini ikauke. Mtoto wa katekista, wa miaka sita hivi, akaitazama kwa muda mrefu akauliza kwa upole, "Mbona Mama Maria ana ndevu?" Nikacheka, halafu nikatazama. Alikuwa na ndevu kweli. Kivuli cha shavu na cha chini ya pua vilikuwa vimekutana pasipotakiwa, na macho yake yalikuwa mashimo mawili.

Tumezoea kuona nyuso zikimulikwa kutoka juu, na jua au na taa ya dari. Mwanga ukitoka chini kila kitu kinapinduka: chini ya kidevu kunang'aa, mfupa wa nyusi unatupa kivuli juu ya paji la uso, pua inatupa kivuli kwenda juu. Kila mtoto aliyewahi kujimulika tochi kidevuni ili awatishe wenzake anajua.

Sababu inayotokea zaidi ni hori kuwa chini mno. Mtoto yuko sakafuni, Maria amepiga magoti lakini kichwa chake kimesimama wima. Pima: chora mstari kutoka kifuani kwa Mtoto hadi puani kwa Maria. Ukiingia kwa kupitia chini ya kidevu, una tatizo. Njia rahisi ya kulimaliza ni kuinamisha kichwa. Uso ukielekea kwenye taa, mwanga unaupiga kwa mbele na vivuli vya kutisha vinaondoka. Gerrit van Honthorst, Mholanzi ambaye Waitaliano walimwita Gherardo wa Usiku, alifanya hivyo kwenye picha yake ya wachungaji ya mwaka 1622: karibu wote wameinama juu ya Mtoto, na nyuso zao zimefunguka kama watu wanaochungulia kisima chenye mwanga. Kama mchoro umeshakauka na kichwa hakiinamishiki, pandisha hori. Lundo la majani makavu halimkwazi mtu.

Sababu inayofuata ni kuichora taa kama nukta. Tochi hutoa kivuli kikali. Shuka jeupe lililomulikwa hutoa mwanga mpana, na vivuli vyake vina kingo laini. Mtoto amezungushiwa nguo nyeupe, kwa hiyo nguo nayo ni taa.

Usiniamini mimi, jaribu. Usiku, weka simu imewashwa tochi ndani ya karai, taa ikitazama juu. Funika kwa shuka jeupe lililokunjwa mara mbili. Zima taa za chumba. Mwambie mtu apige magoti na kuinama juu ya karai, kisha anyanyue kichwa polepole. Utaona ndevu zikiota mbele ya macho yako, na utaona pia mahali zinapoondoka. Ondoa shuka, tazama kivuli cha pua kinavyogeuka kisu. Piga picha za hatua zote. Hizo ndizo rejea zako, na ni bora kuliko chochote utakachopakua.

Kama uso umeharibika kidogo tu, usiufute wote. Lainisha vivuli vitatu: cha chini ya macho, cha juu ya mdomo, cha pembeni mwa kidevu. Vipandishe ngazi moja kwa siena na oka. Mara nyingi hapo panatosha.

"Vivuli havielewani"

Mchungaji wa kushoto kivuli chake kinakwenda kushoto, wa kulia nacho kinakwenda kushoto, na punda hana kivuli. Sababu ya kawaida haina uchawi: mchungaji alitoka kwenye picha moja ya intaneti, punda kwenye nyingine, na Yosefu ni mjomba aliyepigwa picha saa saba mchana uani. Kila mmoja amekuja na jua lake.

Chukua uzi. Taa ikiwa ndani ya picha na iko karibu, vivuli vyote hutawanyika kutoka kwake kama njiti za mwavuli. Shikilia uzi kwa kidole pale sakafuni, chini kabisa ya taa, uuvute upite kwenye unyayo wa mchungaji: upande huo ndio kivuli kinakolala. Kisha uzi wa pili kutoka kwenye taa yenyewe upite kwenye utosi wake. Nyuzi mbili zinapokutana ndipo kivuli kinapoishia. Zisipokutana, maana yake mchungaji ni mrefu kuliko taa, na kivuli chake lazima kiufikie ukuta na kuupanda. Waliokulia kwa kibatari wanalijua hili bila uzi: mama akiinuka kutoka jikoni, kivuli chake kilipanda ukutani mpaka darini na kujikunja. Sijui kwa nini tukishika brashi tunalisahau.

Kosa la pili ni taa kuwa mbili zenye nguvu sawa. Kuwa na taa nyingi si dhambi. Geertgen tot Sint Jans, mnamo 1490, kwenye ubao mdogo ulioko London leo, aliweka taa tatu: Mtoto, malaika angani, na moto wa wachungaji kilimani. Lakini amezipanga kama wazee barazani. Mtoto anasema kwanza, malaika anafuata, moto unanong'ona. Kwako fanya vivyo hivyo kwa ngazi: taa kuu ifike 10, ya pili isizidi 7, ya tatu 5. Nyota na mbalamwezi ziko mbali, kwa hiyo vivuli vyake ni sambamba na baridi, buluu ya kijivu. Ukizitaka, ziwe nje ya pango tu.

La tatu, ambalo watu hawalishuku, ni mwanga kutopungua. Wote wamemulikwa sawa, kuanzia anayembusu Mtoto mguu hadi aliye mlangoni. Kwa taa ndogo, umbali ukizidi mara mbili mwanga unabaki robo. Ukizidi mara tatu unabaki sehemu moja ya tisa. Maria yuko nusu mita, Yosefu mita moja, mchungaji wa mlangoni mita moja na nusu: Yosefu anapata robo ya mwanga wa Maria, mchungaji moja ya tisa. Huna haja ya kufuata hesabu hiyo kama mhasibu, jicho lenyewe huisamehe, ila mlango usiwe na ngazi ya hori.

Na kama umefika hapa umechoka na taa hizi zote, kuna njia ya Caravaggio. Kwenye picha yake ya wachungaji ya mwaka 1609 iliyoko Messina, mwanga unatoka nje ya picha, upande mmoja, na Mtoto hatoi mwanga wowote. Taa moja, kona moja. Naipenda kuliko zote, ingawa si kila paroko ataikubali.

"Nyuso nyeusi zinapotea gizani"

Tunazidi kuchora Familia Takatifu yenye sura zetu, na vitabu vingi vya kufundishia havina msaada hapa kwa sababu viliandikiwa mashavu ya waridi. Malalamiko ni mawili, na kila moja hulizaa jingine: uso umemezwa na giza la pango, mchoraji anaongeza nyeupe, na sasa uso umepauka kama ngozi isiyopakwa mafuta.

Anza na usuli. Uso una ngazi ya 3, ukuta nyuma yake una ngazi ya 2. Hapo hakuna tofauti ya kutosha hata kwa aliye karibu. Usiuguse uso. Pandisha ukuta nyuma yake hadi 4 au 5 kwa amba na oka, uache giza kubwa kwenye pembe. Uso mweusi mbele ya ukuta wenye mwanga hafifu unasomeka mpaka benchi la mwisho.

Kisha angalia nyeupe. Ngozi nyeusi haing'ai kwa kuwa nyeupe, inang'aa kwa kurudisha mwanga, na mng'ao wake unachukua rangi ya taa. Taa ya dhahabu, mng'ao wa dhahabu. Mbalamwezi, mng'ao wa buluu. Kwa hiyo mng'ao kwenye paji la uso, ncha ya pua na juu ya mfupa wa shavu uwe wa oka na nyeupe kidogo, mdogo, wenye kingo zinazoonekana. Katikati ya ngozi hakuna nyeupe kabisa. Hapo ni siena iliyochomwa na amba, na wekundu kidogo kwenye masikio na midomo.

Mwisho, nyeusi ya tyubu. Ukiiweka kwenye kivuli cha ngozi unapata mkaa. Changanya alizarini (nyekundu iliyoiva) na ultramarini, ongeza siena. Utapata giza lenye damu ndani yake. Kijana mmoja niliyemfundisha aliniambia uso wa Yosefu wake "ulirudi kupumua" baada ya kufanya hivyo tu. Na usisahau mwanga wa kurudishwa: shuka jeupe la hori linatupa mwanga chini ya taya. Ngazi moja juu ya kivuli, isizidi. Ukiukoleza, umerudi kwenye ndevu.

"Giza limekuwa tope"

Hili ni fupi. Umechanganya rangi nne au zaidi, au umepaka giza jipya juu ya mwanga mbichi, au umeweka nyeupe ndani ya kivuli. Rangi mbili zinatosha giza zima la pango: ultramarini na amba iliyochomwa. Ikizidi amba, giza la joto. Ikizidi ultramarini, giza la baridi. Kwangua tope likiwa bichi. Likiwa limekauka, lifunike kwa glezi ya mchanganyiko huo na usubiri. Kuchokonoa tope kwa brashi ni kuongeza maji mtoni.

"Giza lina mabaka, mengine yanang'aa mengine yamepauka"

Hapa rangi imezama. Mafuta yamefyonzwa kwenda chini, yamebaki majivu juu. Hakikisha kwanza: lowesha kidole, gusa baka. Giza likirudi hapohapo, rangi yako ni nzima, tatizo ni mafuta.

Kinachosababisha mara nyingi ni tapentaini nyingi. Rangi imenyimwa mafuta. Mbaya zaidi ni thina ya duka la rangi za magari. Hiyo inayeyusha hata tabaka la chini na mvuke wake si wa kuvuta kwenye chumba cha kulala. Kinachofuata ni turubai inayonyonya, iliyopakwa rangi ya maji ya ukuta badala ya jeso, yaani rangi ya msingi ya turubai. Amba nayo kwa asili yake hunywa mafuta mengi. Na wengine wamewahi tu, wakapaka kabla ya tabaka la chini kukauka.

Tiba: rangi ikishakauka kwa mguso, changanya mafuta ya kitani na tapentaini nusu kwa nusu, sugua kidogo sana juu ya baka kwa kitambaa laini, subiri dakika chache, kisha pangusa yote yaliyobaki. Yakibaki yakatuama, yatageuka manjano. Kuanzia hapo kila tabaka liwe na mafuta angalau sawa na lililotangulia, lisiwe pungufu. Ukikosea mpangilio huo, la juu litapasuka. Vanishi ya mwisho isubiri miezi sita hadi mwaka. Ndiyo, Noeli itapita. Kwa sasa weka vanishi ya muda.

Onyo lisilo na mjadala: vitambaa vyenye mafuta ya kitani huweza kujiwasha moto vyenyewe vikirundikwa, hata bila kiberiti. Vitie kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko, au vitandaze kimoja kimoja nje vikauke. Usivisokomeze kwenye mfuko chini ya meza.

"Nyumbani ilikuwa nzuri, kanisani haionekani"

Kabla ya kulaumu rangi, simama kwenye benchi. Kama unaona dirisha la mkabala ndani ya giza la picha, ni mng'ao wa vanishi. Giza linalong'aa ni kioo. Inamisha picha mbele kwa juu, uweke kipande cha mbao nyuma ya ukingo wa juu. Sentimita chache zinatosha kuutupa mng'ao sakafuni. Ikishindikana, hamisha ukuta.

Kama hakuna mng'ao ila picha ni nyeusi tu, chanzo kiko kwako nyumbani. Aliyechora chini ya taa kali hushusha giza kupita kiasi, kwa sababu chini ya taa ile ngazi ya 1 ilionekana kama 3. Na aliyechora chini ya balbu ya manjano atashtuka akiiona chini ya taa za mirija. Dhahabu yake yote imekuwa kijivu. Ipeleke picha kanisani mara moja kabla ya kuimaliza, hata kwa bodaboda ikiwa imefungwa vizuri na imekauka. Ikishatundikwa, taa moja ya joto juu, mbele kidogo, inasaidia kuliko mirija minne. Mishumaa chini ya picha, hapana. Moshi na joto vitalimaliza giza hilo kwa miaka michache.

Huku Pwani kuna jingine: ukungu mweupe juu ya giza, kama pumzi kwenye kioo. Vanishi ilipakwa siku ya unyevu. Subiri siku kavu, pangusa kwa kitambaa kikavu laini. Usipotoka, acha, kuitoa vanishi ni kazi ya mtaalamu.

Na kama picha ilikaa mwaka mzima stoo imegeuzwa ukutani, nyeupe zikawa manjano, usiipake chochote. Mafuta ya kitani hugeuka hivyo gizani. Iache siku kadhaa kwenye chumba chenye mwanga wa mchana usio wa jua la moja kwa moja, itarudi sehemu kubwa.

"Picha ya zamani ya kanisa imekuwa nyeusi, paroko anataka niisafishe"

Kataa kwa adabu. Weusi huo unaweza kuwa moshi wa mishumaa, vanishi iliyozeeka, giza lililozama kwa miaka, au marekebisho ya mtu aliyepita kabla yako. Unaweza pia kuwa lami. Wachoraji wa Ulaya wa karne ya 19 waliipenda kwa weusi wake mtamu, na haikauki kamwe, inapasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi. Kwa kutazama tu huwezi kuzitofautisha. Kiazi, mkate, kitunguu, sabuni ya unga: nimeona vyote vimetumika. Kitunguu kiliacha harufu, sabuni iliondoka na uso wa mchungaji.

Unachoweza kufanya ni kutoa vumbi kwa brashi laini kavu, na hata hilo usilifanye ukiona rangi imeinuka, imechubuka, ina ukungu wa fangasi, au turubai imelegea na kufanya mawimbi. Ukiona kimojawapo, mikono nyuma. Picha isilazwe kifudifudi, isiegemezwe, isisafirishwe. Anzia makumbusho ya taifa ya nchi yako, uliza nani anahifadhi kazi za rangi za mafuta. Wakati mnasubiri, ipige picha ukiwa umeshika taa pembeni kabisa, mwanga ukilala juu ya turubai, ili kila ufa uonekane. Vipande vilivyoanguka viokote kwa karatasi, wala si kwa gundi wala kwa vidole, uvitie kwenye bahasha, na juu ya bahasha uandike vilikotoka: goti la mchungaji wa kushoto, sikio la ng'ombe, ukingo wa nepi.